Anayewaita wawekezaji walafi hajaisoma fomu

Mhariri,

Kila mnapochapisha habari za wawekezaji waliomshtaki meneja wa hazina ya kibinafsi (mfuko unaokusanya pesa za watu na kuziwekeza), barua zinazofuata huwa na wimbo mmoja: walijitakia, tamaa mbele mauti nyuma, nani aliwaambia pesa huzaa kama sungura. Nimezisoma za kutosha. Nilikuwa mweka hazina wa Sacco ya walimu hapa Nakuru hadi nilipostaafu, na tangu hapo majirani huniletea makaratasi yao niyasome kabla hawajaenda kwa wakili, au baada ya wakili kuwamaliza. Naomba nafasi niseme neno kwa niaba yao, maana wengi wanaolaumu tamaa hawajawahi kuishika fomu yenyewe.

Niliyo nayo mezani ni ya mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wetu. Tunamwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Kampuni aliyoipa sehemu ya kiinua mgongo chake iko Nairobi. Siitaji kwa kuwa kesi bado iko mbele ya jaji. Ni folda ngumu, nje picha ya magorofa na bwawa la kuogelea, ndani kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili. Mwalimu aliisoma yote. Najua aliisoma kwa sababu kuna kalamu nyekundu pembeni: mahali pamoja amekata koma akaweka nukta, kwingine amesahihisha kitenzi. Mazoea ya ualimu hayamtoki mtu. Mistari mitatu chini ya ile koma ndipo palipo na maneno yaliyompeleka mahakamani. Yanasema yeye si mweka akiba wala si mkopeshaji, bali ni mshirika katika ubia wenye dhima ya kikomo, yaani hasara yake inakomea kwenye pesa alizoweka. Yanasema meneja anaweza, kwa uamuzi wake peke yake, kusogeza mbele tarehe ya malipo. Na yanasema pesa za ubia zinaweza kukopeshwa kampuni nyingine za kundi hilo hilo.

Hakuna kilichofichwa hapo. Kila kitu kimeandikwa na kutiwa sahihi, na ndiyo maana kesi yake ni ngumu.

Wasioifahamu biashara hii wanivumilie kidogo. Ukiweka pesa benki na benki ikaanguka, shirika la bima ya amana, KDIC, hukulipa hadi shilingi 500,000. Ukipitia kwa wakala wa hisa mwenye leseni naye akakuangusha, kuna hazina ya fidia chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Ni ndogo lakini ipo. Ukiwa mshirika katika ubia wa kibinafsi, huna hili wala lile. Pesa yako inaingia kwenye ubia. Ubia unaikopesha kampuni ya mradi, tuseme ya nyumba za kuuza. Kampuni ya mradi nayo, kwa kuwa saruji na vyuma havingoji, inakwenda benki kukopa zaidi na kuweka hati ya ardhi rehani. Siku mambo yakiharibika, benki inashika ardhi. Baada ya benki kuna gharama za mfilisi, mishahara ya wafanyakazi, na KRA. Ndipo wanafuata wadai wasio na dhamana: mafundi, wauza vifaa, na ule ubia uliokopesha. Mwalimu yuko nyuma ya ubia, na kampuni ya mradi yenyewe haimjui hata kwa jina.

Basi akienda kuomba zuio la mahakama nyumba zisipigwe mnada, wakili wa upande wa pili huinuka na swali moja tu: huyu ni nani kwetu?

Wasomaji wako wengi waliliona jambo hili kwenye kesi ya Cytonn, kampuni ya uwekezaji ya Nairobi. Bidhaa zake mbili, Cytonn High Yield Solutions na Cytonn Project Notes, zilikuwa ubia wa aina hiyo hiyo. Ya kwanza iliahidi faida ya hadi asilimia 18 kwa mwaka, na pesa zikaingia kwenye majengo, yakiwemo yale ya The Alma kule Ruaka. Malipo yakakwama, kampuni ikataja janga la corona, na Oktoba 2021 zikawekwa chini ya msimamizi kwa mujibu wa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Januari 2023, Jaji Alfred Mabeya aliusitisha usimamizi huo akaagiza zifilisiwe, kazi akipewa afisa wa ufilisi wa serikali. Hapo tunazungumzia maelfu ya watu na zaidi ya shilingi bilioni 10. Kampuni ilishikilia kwamba haya yalikuwa mauzo ya kibinafsi yasiyohitaji idhini ya CMA. CMA nayo ikasema haisimamii bidhaa hizo. Watu walichukulia kauli hizo mbili kama ugomvi, lakini mimi nikizisoma pamoja naona zinakubaliana: wote wawili wanasema hapakuwa na mlinzi mlangoni. Asiyejua alikuwa mwenye pesa peke yake.

Sasa linganisha na Abraaj, kampuni ya Dubai iliyojisifu kusimamia karibu dola bilioni 14. Wakenya tulikula chakula chake bila kujua, kwani mwaka 2017 ndiyo iliyonunua mikahawa ya Java House. Hazina yake ya afya, ya dola bilioni 1, ilifika hadi kwenye hospitali za Nairobi, ikiwemo Nairobi Women's. Waliotia pesa humo hawakuwa walimu wastaafu. Kulikuwa na wakfu wa Bill na Melinda Gates na dola zake milioni 100, IFC ya Benki ya Dunia, na mashirika ya uwekezaji wa maendeleo, CDC ya Uingereza na Proparco ya Ufaransa. Mwaka 2017 wakubwa hao waliona wanaitishwa pesa nyingi kuliko zile zinazoonekana kwenye hospitali. Wakaomba taarifa za benki. Majibu yasipowaridhisha, wakaajiri wahasibu wa uchunguzi. Februari 2018 habari zikafika magazetini, na kufikia Juni kampuni ilikuwa kwenye ufilisi katika mahakama ya visiwa vya Cayman, ikisukumwa miongoni mwa wengine na shirika la hifadhi ya jamii la Kuwait, lililokuwa likidai mkopo wa dola milioni 100. Aprili 2019 mwanzilishi wake, Arif Naqvi, akakamatwa London kwa ombi la Marekani, na mamlaka ya hisa ya huko, SEC, ikamfungulia kesi ikidai zaidi ya dola milioni 230 za hazina ya afya zilitumiwa visivyo. Yeye amekana. Julai mwaka huo wadhibiti wa Dubai wakazipiga kampuni mbili za Abraaj faini ya karibu dola milioni 315.

Kwa mtu wa vitabu vya hesabu, hadithi yote hiyo inasimama juu ya kitu kimoja: taarifa za benki. Wakfu wa Gates uliweza kusema tuonyesheni akaunti, na ukawa na watu wa kuzisoma na mawakili wa kubisha mlango. Hazina ikahamishiwa kwa msimamizi mwingine, TPG ya Marekani, mwaka 2019, na hospitali zikaendelea kupokea wagonjwa. Kama kuponzwa na meneja ni dalili ya tamaa, basi na wakfu wa Gates una tamaa. Hakuna aliyewaandikia barua za kuwasuta.

Mwalimu alikuwa akipata taarifa pia. Ninazo hapa, moja kwa kila robo mwaka, karatasi moja moja. Jina lake, nambari yake, kiasi alichoweka, faida, jumla. Jumla inapanda kila mara, hadi senti za mwisho zimeandikwa. Pesa ziko akaunti gani, zimekopeshwa nani, nyumba ngapi zimeuzwa, haisemwi popote. Karatasi ya mwisho ina jumla kubwa kuliko zote, na barua iliyofuata ilisema malipo yamesitishwa kwa muda. Mhariri, ningepeleka vitabu vya namna hiyo kwenye mkutano wetu mkuu, kina mama wa mstari wa mbele wangeniteremsha jukwaani kwa leso. (Sijisifu kwa niaba ya Sacco zote. Ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa vyama vya Sacco, ulipofichua pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13, wengi wetu tulioshika hazina za vyama hivi tulipoteza usingizi.)

Nije mahakamani, ambako watu hudhani ndiko haki inakoanza. Kesi za biashara za Milimani siku hizi nyingi hutajwa kwa njia ya mtandao. Mwalimu huja kwangu kwa sababu nina waifai. Tunaegemeza simu kwenye chupa ya chai, naye huketi mbele yake akiwa amevaa tai, ingawa kamera imezimwa na hakuna anayemwona. Orodha ya siku ina kesi nyingi. Ikifika zamu yao wakili anasema mlalamikiwa alileta hati ya kiapo jana jioni, anaomba siku kumi na nne kujibu. Wa pili hana pingamizi. Wa tatu anasema mteja wake ni benki na angependa kuunganishwa kwenye kesi. Jaji anatoa tarehe. Hata chai haijapoa. Mwalimu huandika tarehe hiyo kwenye daftari lake la mistari, huikunja tai mfukoni, na wiki inayofuata wakili anatuma ankara.

Linaloniudhi zaidi ni jinsi walalamishi wanavyogawanyika. Kampuni moja, mradi mmoja, lakini kundi la Nairobi lina wakili wake na linataka ufilisi leo. Kundi la wastaafu wa Bonde la Ufa lina wake na linataka nyumba zimaliziwe kwanza ziuzwe kwa bei nzuri. Na wale walio ng'ambo, Wakenya wa Marekani na Uingereza waliotuma dola, wana kundi la WhatsApp na wakili wa tatu. Kila mmoja anaomba agizo lake. Meneja anajibu kila kesi kivyake, na sitashangaa nikisikia ada za mawakili wake zinatoka kwenye mfuko ule ule unaogombaniwa. Halafu siku mfilisi anapoteuliwa, sheria inasimamisha kesi zote za mmoja mmoja mpaka mahakama itoe ruhusa. Pesa walizolipa mawakili haziwarudii. Ningekuwa na uwezo ningewakalisha wote kwenye ukumbi mmoja wachague wakili mmoja kabla ya mtu yeyote kulipia kesi masjala.

Na hata wakishinda, wanashinda nini? Hukumu dhidi ya meneja asiye na kitu kwa jina lake ni karatasi ya kuning'iniza ukutani. Kesi ya Bernard Madoff kule New York, meneja aliyewalipa wateja wa zamani kwa pesa za wapya, inafundisha jambo hapa, ingawa naomba nieleweke: Madoff alikiri kosa la ulaghai kwa kinywa chake, na sisemi waliotajwa kwenye barua hii walifanya hivyo. Alipokamatwa Desemba 2008 hakuwa na cha kutosha kuwalipa watu wake. Mfilisi aliyewekwa, Irving Picard, aliwafuata waliokuwa wametoa zaidi ya walichoweka, na hazina zilizokuwa zikimpelekea wateja. Mirathi ya mwekezaji mmoja tu, Jeffry Picower, ilikubali kurudisha dola bilioni 7.2 mwaka 2010. Kwa jumla Picard amekusanya zaidi ya dola bilioni 14. Alimwacha Madoff kwa waendesha mashtaka, yeye akazifuata pesa.

Sheria yetu ya 2015 inampa mfilisi nafasi ya kufanya kitu kama hicho: anaweza kuiomba mahakama ibatilishe malipo ya upendeleo yaliyofanywa kampuni ikiwa tayari inazama. Nataka itumike. Nani alilipwa ada za usimamizi wakati wastaafu wanaambiwa wasubiri? Nani alirudishiwa pesa zake zote wiki za mwisho, na alimjua nani? Najua swali hilo litawagusa pia watu wadogo waliobahatika kutoka mapema, na kuna majirani wawili hapa ambao wakiisoma barua hii hawatanisalimia kanisani. Lakini pesa waliyotoka nayo ilikuwa ya wote.

Narudi kwa wale wa tamaa. Asilimia 18 ilisikika kubwa wakati hati za hazina za serikali za mwaka mmoja zikilipa karibu asilimia 10. Ni kweli. Lakini baadhi ya Sacco zetu hutangaza gawio la asilimia 15 na kuendelea kwa hisa, tunashangilia na kupiga picha na keki, na hatuitwi walafi. Tena mameneja hawa hawakuwa watu wa vichochoroni. Walikuwa wakikaribishwa runingani kuchambua bajeti ya serikali, ofisi zao zilikuwa kwenye maghorofa ya vioo, na mawakala wao walifika kwenye semina za kuwaandaa wafanyakazi kustaafu, kwa mwaliko wa waajiri. Mwalimu alikutana na wakala wake kwenye semina kama hiyo, kati ya somo la kisukari na somo la kuandika wosia. Angejuaje kwamba mzungumzaji wa saa nne ana leseni na wa saa tano hana?

Kanuni mpya za CMA za mwaka 2023 kuhusu hazina za pamoja na hazina mbadala zimeanza kuziba pengo, nami nazipongeza. Ila kanuni hutazama mbele. Waliokwama wamebaki na mahakama na ofisi ya mfilisi. Kwao naomba mambo ya kawaida kabisa. Mfilisi atoe taarifa kila baada ya miezi sita, kwa Kiswahili, na ibandikwe Huduma Centre za kaunti, maana si kila mstaafu wa Kisii au Kakamega anaweza kupanda matatu hadi Nairobi kuuliza faili lake limefika wapi. Taarifa hiyo iseme kilichopatikana, kilichotumika na kilichobaki. Tuliyasema hayo matatu kila mwaka kwenye Sacco na hatukuwa na shahada ya sheria.

Na kwa yeyote atakayeuza ubia kesho, iwe lazima ukurasa wa kwanza, juu ya picha ya bwawa la kuogelea, useme kwa sentensi moja nani atalipwa kabla yako mambo yakiharibika, na pesa zitakaa kwenye benki gani chini ya mtunzaji yupi asiye wa kampuni. Asiyetaka kuiandika sentensi hiyo anyimwe nafasi kwenye semina za wastaafu. Wizara haihitaji kungoja bunge kwa hilo. Waraka mmoja kwa waajiri unatosha.

Ninyi wahariri pia mna sehemu yenu. Matangazo ya mikutano ya wadai huchapishwa kwa Kiingereza, kurasa za nyuma, kwa herufi za kumtafutia mtu miwani. Mwalimu alikosa mkutano uliopigia kura mpango wa kumalizia nyumba zile, akaja kujua matokeo wiki tatu baadaye kutoka kwa mtu wa WhatsApp. Chapisheni tarehe hizo kwa Kiswahili, kwa herufi za kawaida. Na kama mnataka Mwalimu azione, ziwekeni kwenye ukurasa wa michezo, karibu na msimamo wa ligi, kwa sababu huko ndiko anakoanzia gazeti.

Mweka hazina mstaafu wa Sacco,
Nakuru
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)